Bernadina Ponsiano, Msokota Kamba wa Mkumbara

Baba Paroko, masheikh mliofika, wazee wetu, majirani na ndugu mliotoka Hale, Kang'ata na hapa Mkumbara, poleni na msiba. Mimi Simeo, mdogo wake, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na nitayasoma yalivyokuwa, kwa sababu mwenyewe hakupenda jambo lipakwe rangi.

Marehemu Bernadina alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika kambi ya wakata mkonge karibu na Hale, mtoto wa tatu wa mzee Ponsiano, aliyetoka Kasulu kuja kukata mkonge, na mama yetu Asnath, Msambaa wa Bumbuli. Alianza shule ya msingi mwaka 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, hakuchaguliwa kuendelea, na tangu hapo akajisomea kila karatasi iliyomfikia, hata gazeti lililofungiwa maandazi.

Mwaka 1978 aliajiriwa kwenye shamba la mkonge, upande wa kusafisha nyuzi, akafanya kazi humo hadi alipopunguzwa mwaka 1990. Tarehe 7 Mei 1983 alifunga ndoa Korogwe mjini na Deogratius, fundi baiskeli, wakahamia hapa Mkumbara, Mungu akawajalia watoto wawili, Loveness mwaka 1985 na Frank mwaka 1989.

Alipopunguzwa kazini alichukua gurudumu la baiskeli mbovu ya mumewe, akalifunga kwenye kigogo, akatia ndoano tatu na mkono wa kuzungushia, apate kusokota kamba haraka kuliko wanaosokotea pajani. Mashine ya kwanza ilivunjika, ya pili ikamng'oa kucha, ya tano ikatoa kamba iliyopinda kama mkia wa nguruwe, na wanaume wa kijiweni wakawa wakimsalimu, mama Loveness, leo umesokota upepo mita ngapi, naye akiwajibu kwamba wa leo ni wa kuwafungia midomo. Mumewe alikuwa na kitabu kilichochakaa cha habari za wavumbuzi, humo akasoma juu ya yule wa taa ya umeme, aliyeunguza vitu mamia akitafuta uzi utakaowaka bila kukatika, akasema, sasa mimi wa mashine ya tano nina haraka gani. Ya tisa ilikubali Novemba 1994, na ndiyo inayotumika hadi leo.

Alhamisi ya tarehe 19 Agosti 2004, Sabiri, mchimba visima wa Kang'ata, alikuwa akishuka kisimani kwa kamba ya Bernadina, ikakatika, akaanguka na kuvunjika mguu. Wenye busara zao, na baadhi wapo hapa, walimshauri dada aseme kamba ile aliiuza ya kufungia mbuzi, na kweli aliiuza ya kufungia mbuzi, lakini alikataa. Kesho yake alipanda basi hadi hospitali ya Handeni, akaketi pembeni mwa kitanda cha Sabiri, akaomba kipande kilichokatika, akakifumua uzi kwa uzi, akakuta nyuzi fupi za makapi alizochanganya mwenyewe mwezi ule oda zilipomzidi, akamwambia mbele ya ndugu zake, kosa ni langu, si lako wala si la Mungu. Miezi miwili alizunguka Handeni na Korogwe akizikusanya kamba za mwezi ule, arobaini na moja, akazichoma hadharani, na nyumba yake ikala ugali na mlenda hadi Krismasi.

Jina lilikuwa limechafuka, wateja wakamkimbia. Ndipo alipoikumbuka, katika kitabu kilekile, habari ya Mmarekani aliyebuni breki ya lifti, ambaye watu walipoogopa alipanda mwenyewe mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe, na lifti ikashika. Tangu mwaka 2005, kila siku ya gulio, alichomoa kamba moja katika kila fungu, akaining'iniza kama bembea, akaikalia, na mnajua alikuwa mama mwenye mwili. Vijana waliomfuata kuuliza siri ya biashara waliondoka na neno moja, kabla hujamuuzia mtu, ikalie wewe.

Alianza kuugua kisukari mwaka 2017, figo zikafuata mwaka jana, akafariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 63. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kuchota maji, na akina mama wasokotaji wenzake.

Misibani kwetu hutangazwa madeni, lakini marehemu aliagiza tangazo moja tu, mwenye kamba yake yenye kasoro aseme kabla hajazikwa. Tulitangaza Jumatano, akajitokeza mama Amne wa Hale, na kamba ya ng'ombe iliyoanza kufumuka. Kwa hiyo wanaonong'ona tangu jana, ni msiba gani huu gurudumu linazunguka uani na binti wa marehemu hajakaa mkekani na wenzake, jibu ni hilo, Loveness alikuwa akisokota nyingine, na asubuhi hii ameikalia mbele ya mama Amne, ikashika.

Dada Bernadina, lala kwa amani, hakuna anayekudai kamba.