Lete Nione na Rafu za Majirani Zake

Mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa seremala wa mabehewa na mama yake alishona mapazia. Jina lake kamili mnaliona kwenye jalada la ratiba, na wengi wenu nadhani ndiyo mara ya kwanza kulijua. Mtaani aliitwa Lete Nione. Lile la cheti lilitumiwa na mkewe peke yake, na hata yeye ni pale alipokasirika.

Alisoma shule ya msingi yenye tangi la maji mbele yake, kuanzia mwaka 1956 hadi 1963. Masomo ya kukariri yalimpiga chenga. Lakini siku kitasa cha ofisi kilipogoma, mwalimu mkuu akiwa ndani, ni yeye aliyekifungua kwa msumari uliopinda. Mwalimu mkuu alitoka akifuta jasho, akamshukuru, kisha akamwuliza ujuzi huo ameupata wapi. Tangu siku hiyo, kila kitu kilichopotea shuleni, wa kwanza kuulizwa alikuwa yeye. Alikwenda chuo cha ufundi, akahitimu ufundi bomba mwaka 1966.

Kwa miaka saba alitunza stoo ya vipuri katika kiwanda cha sabuni. Tarehe 2 Mei 1974 alifungua duka lake la vifaa katika barabara ile ile mnayoijua: misumari, koki, bawaba, vitasa, balbu. Mtaa ulikuwa na maduka kumi na moja wakati huo, kila moja na mwenyewe mlangoni. Sheria ya duka lake ilikuwa moja. Ukitaka kifaa, lete kilichoharibika akione. Ukisema "nipe koki ya nusu inchi," alikutazama kama umemwomba figo.

"Imeharibika nini?"

"Inavuja, mzee."

"Lete nione."

Na ukiileta, mara nyingi alikuta tatizo ni mpira mdogo tu, akakupa huo, akakurudishia koki yako. Mpwa wake, anayewasomea maneno haya, aliwahi kurudishwa nyumbani mara tatu kwa ajili ya bawaba moja. Safari ya tatu alikuja na mlango mzima begani. Mjomba aliukagua pande zote mbili, akasema bawaba haina kosa, mlango ndio umevimba. Akatoa randa.

Mkewe alimpata hivyo hivyo. Alifika dukani kununua kufuli jipya, akaulizwa la zamani liko wapi. Lilipokuja, mzee alilidondoshea mafuta, likafunguka. "Nilikwenda kununua kufuli nikaondoka na tone la mafuta," mkewe husimulia. "Nikajiuliza, huyu mwanamume atakula nini?" Nadhani alirudi mara kadhaa kuchunguza jibu. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu: muuguzi, dereva wa malori, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu.

Mwaka 1998 duka kubwa lilifunguliwa pale palipokuwa na sinema. Lilikuwa na kila kitu, kimefungwa ndani ya nailoni, misumari hamsini hata kama unataka miwili. Hatumlaumu mtu kwa kwenda huko. Sote tulikwenda, na marehemu alituona tukipita na mifuko yao, akasalimia kama kawaida. Wa kwanza kufunga alikuwa fundi saa, mwaka 2001. Alivuka barabara siku ya mwisho na boksi mikononi.

"Hizi betri na mikanda nitupe wapi?"

"Usitupe," marehemu akamwambia. "Nipe. Lakini kaa hapa wiki mbili unifundishe."

Akatengeneza rafu, akaandika juu yake kwa rangi: FUNDI SAA. Mtu akija kubadilisha betri, aliambiwa kwanza hii ni rafu ya nani, na yule bwana alikuwa na mkono mwepesi kiasi gani. Mwaka 2006 alifunga muuza vitabu, marehemu akapokea madaftari na kalamu, akajifunza kujalidi. Mwaka 2011 ilikuja rafu ya vifungo, zipu na nyuzi, mwaka 2015 ya mbegu za mboga, na tatu nyingine baadaye. Mkewe alishika kichwa, kwani dukani hapakuwa na pa kukanyaga. Watoto waliliita jalala, na walimwambia usoni.

"Bibi wa ghorofa ya tatu anataka sindano moja," aliwajibu. "Apande basi mbili?"

Hakuwa malaika. Balbu za kubana umeme zilipotoka alizikataa mwaka mzima, akisema ni mtindo wa kupita, na wateja wengine waliokwenda kuzinunua duka kubwa hawakurudi tena. Kosa hilo alilikiri kwa mkewe peke yake, na mkewe akatuambia sote.

Novemba 2022 moyo ulianza kumsumbua. Miguu ilivimba, daktari akamkataza ngazi. Alikaa kwenye stuli akiwaelekeza wateja wapande wenyewe: "Panda tena, kushoto, hapo, umeshika." Lakini kilichomkosesha raha si ugonjwa. Mtaani yalikuwa yamebaki maduka manne, na mwenye nyumba alimpa hadi mwisho wa Januari mwaka huu alete jina la mpangaji mwingine, la sivyo chumba kinakuwa ghala la duka kubwa. Watoto wake wana kazi zao na hakuwalazimisha hata siku moja. Ila muuguzi, aliyemlaza hospitalini tarehe 15 Januari, alimsikia akisema, "Mimi nimepokea za wenzangu wote. Zangu nani atazipokea?" Alitoka kwenda kulia koridoni. Ndivyo alivyotueleza, na hatukumcheka.

Tarehe 24 mshonaji anayeshona barazani ng'ambo ya barabara alikwenda kumwona. Alisimama kando ya kitanda, mkoba kifuani.

"Mzee, cherehani yangu inaenea pale karibu na dirisha. Ukikubali, nahamia. Na rafu zote zibaki."

Badala ya kushukuru kama binadamu wa kawaida, marehemu akaanza kumpa mtihani. Koki inatoa maji ikiwa imefungwa, tatizo nini? Mshonaji akakosea. Msumari wa zege unautofautishaje na wa mbao? Akakosea tena. Kitasa kinazunguka bila kushika, utamuuzia mtu nini?

"Sijui, mzee," mshonaji akasema. "Simuuzii kitu mpaka nijue."

Marehemu akamgeukia mkewe. "Andika jina lake."

Mkataba ulisainiwa tarehe 29. Siku zilizofuata mshonaji alikwenda hospitalini kila mchana na mfuko wa vipuri, akafundishwa kimoja kimoja juu ya shuka, hadi wauguzi wakazoea kuokota skrubu chini ya kitanda. Hawakuvimaliza. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Tunaumia sana, na hatuoni aibu kulisema.

Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, dada yake mmoja ambaye ni mama wa msomaji, wapwa wengi, na mshonaji, ambaye familia imeamua aandikwe hapa. Leo maduka yote manne ya mtaa yamefungwa ili wenyewe wawe nasi kaburini. Yatafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, lake likiwemo.

Pumzika kwa amani, Lete Nione. Yote manne.