Ildefonsi Nkunzimana na Foksi Zisizojua Rejeta

Tarehe 30 Juni 2025 fundi Ildefonsi Nkunzimana anastaafu, baada ya kuitumikia gereji yetu ya Kasulu kwa miaka thelathini na mitatu. Anaondoka bila kumwomba mtu radhi kwa ubishi wake, na sisi hatutaomba kwa niaba yake.

Alifika nchi hii kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa mtoto wa shule. Hapa gerejini alipewa kona ya Foksiwageni za zamani, zile zenye injini nyuma inayopozwa kwa upepo, bila rejeta wala maji. Wengine waliziona chuma chakavu. Yeye alizikata paa, akaziinua, akazipaka rangi upya. Nyingine zikawa za harusi, nyingine za kubebea mihogo. Spea alizifuata Kigoma, Bujumbura na katika nyua za misheni zilizoota majani. Akiambiwa kifaa fulani kimekwisha duniani, hujibu, "Hakijaisha. Kiko ugenini tu."

Si kwamba hakukosea. Mwaka wake wa kwanza, kwa kuogopa vumbi letu jekundu, aliziba matundu ya hewa ya injini kwa gunia. Gari la paroko likaiva kabla ya kufika Titye, na paroko akarudi kwa baiskeli ya muuza mkaa. Hadi leo akionekana na gunia mkononi, wenzake humuuliza ni gari gani linasikia baridi.

Ekzosi ndizo zilizompa jina. Hachagui ekzosi gerejini: mteja hupakia mzigo wake wa kila siku, wanapanda mlima, naye hukaa kiti cha nyuma akisikiliza. Claudine, muuza vitenge wa Kibondo, alitaka bomba pana la lori.

"Mzee, nataka wanisikie toka Gwarama!"

"Watakusikia, mama. Halafu waje kukusukuma."

Bomba pana huinyima nguvu injini ndogo. Alimfungia jembamba, na gari linapanda na marobota yote.

Mwezi Machi uongozi ulitangaza kwamba akistaafu, kona nayo ifungwe na Foksi ziuzwe kwa kilo. Lori la chuma chakavu lilipofika, lilimkuta Claudine ameegesha katikati ya geti, injini inanguruma.

"Kaka, geuza. Hapa pana wenyewe."

Nyuma yake walipanga magari wateja wengine, na mafundi wote tukasimama nao. Wengi wetu, kama yeye, tulishafukuzwa kwetu Burundi mara moja. Mara ya pili tumekataa. Ildefonsi hakutoka hata kutazama. Alikuwa chini ya gari anafunga ekzosi, kwa kuwa mwenye gari aliahidiwa kulipata siku hiyo. Lori liligeuza. Uongozi ukakubali kona ibaki, mikononi mwa Gentille, mchomeleaji aliyefundishwa na Ildefonsi mwenyewe.

Asante, mzee wetu, kwa mikono yako na kwa ubishi wako. Tunakuombea afya, usingizi mzito na mvua ya kutosha shambani. Kesho kona inafunguliwa kama kawaida. Gentille anasema unakaribishwa wakati wowote, ila uje na gari, si na ushauri.