Kubadhi Bubu la Sarjerao

Kama una haraka, usipite kwa Akka. Benchi lake la mbao, pale kona ya mtaa wa Shivaji Peth mjini Kolhapur, kati ya fundi pancha na duka la sukari guru, limekalisha wanaume waliotumwa kitunguu saa mbili asubuhi na saa sita bado wanabishana. Akka ana sufuria mbili zilizopinda, chai ya tangawizi kali, na mdomo usiomwogopa mtu. Jumapili hiyo walikuwepo wawili wa kila siku. Wa kwanza Pailwani, mpiga mieleka wa zamani, shingo nene kama ya fahali na magoti yaliyokwisha zamani. Wa pili Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili hata dakika moja. Anauza stempu nje ya lango la mahakama, na kwa maoni yake ni kazi ileile. Wote watatu wakamsikia Sarjerao kabla ya kumwona. Kwarr. Kimya. Kwarr. Kimya.

— Nani huyo anatembea kwa mguu mmoja? akauliza Pailwani.

— Soli huyo, akasema Akka bila kugeuka. Kanunua viatu vingine.

Soli ndilo jina walilompa Sarjerao hapo benchini, maana ukimsalimia anakutazama miguuni kwanza, usoni baadaye. Ana miaka ishirini na tisa, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, mshahara wake unaisha tarehe kumi na mbili, na chumbani kwake kuna jozi kumi na moja za viatu na kitanda kimoja. Viatu ndivyo vinavyolala kitandani. Na hajawahi kulipa bei ya dukani hata siku moja, hilo nalo mpe haki yake.

Alifika anatabasamu upande mmoja, upande mwingine anataka kulia machozi. Akapandisha suruali wayaone.

— Loo! akasema Wakili, akasahau hata kikombe mkononi. Mama yangu!

Yalikuwa makubadhi kweli. Ngozi rangi ya chai iliyoungua, mikanda imesukwa nyembamba kama nywele za mwali, kishada chekundu juu ya kidole gumba na uzi wa dhahabu pembeni.

— Mia nane na hamsini, akasema Sarjerao kabla ya kuulizwa. Rupia mia nane na hamsini, Akka! Haya haya sokoni wanataka elfu tatu.

— Umeiba, akasema Akka.

— Naapa kwa mungu wetu Ambabai sijaiba. Jumapili nne nimezunguka. Sokoni yule bwana kaniambia kwa pesa yangu ataniuzia kishada tu. Nikapanda basi mpaka Kapshi, kijiji cha mafundi wenyewe, nako wananiona mtu wa mjini, wanapandisha. Jana ndiyo nimepita nyuma ya stendi, nikakuta kizee kimoja fundi, kayatundika msumarini. Kuna mtu aliyaagiza, hakurudi kuyachukua. Miaka miwili yananing'inia pale yananisubiri mimi!

— Sasa mbona umenuna? akauliza Pailwani.

Sarjerao alitembea hatua nne mbele ya benchi. Kwarr. Kimya. Kwarr. Kimya.

Hapo wakaelewa, na kila mmoja akaweka kikombe chini. Maana kubadhi la kiume la Kolhapur lazima liimbe. Fundi hutia mbegu katikati ya matabaka ya ngozi, na ukikanyaga, mtaa mzima unajua mwanamume anapita. La kushoto la Sarjerao lilikuwa linaimba vizuri kabisa. La pili bubu.

— Ulipoyajaribu hukusikia?

— Stendi, Akka! Mabasi yananguruma, makondakta wanapiga kelele, ningesikia nini? Nimefika nyumbani, nimetulia, nimetembea chumbani... Na leo ndiyo siku yenyewe.

Leo ndiyo siku yenyewe: saa kumi alasiri alitakiwa kwa mzee Shripati, kutazamana kwa posa na binti yake Vaijayanta. Sarjerao alimwona mara moja tu, harusini kwa binamu, sahani ya vitamu vya jilebi mkononi, anacheka mpaka shira yake inamchirizikia kidoleni. Tangu siku ile kijana hana raha. Na wachumba wawili wameshakwenda kwa mzee Shripati, wamekula pohe, ule mchele bapa wa kukaangiwa wageni, wamerudi mikono mitupu.

— Mimi nitakueleza, akasema Wakili, akijiweka sawa kama yuko mbele ya hakimu. Hili ni suala la mkataba. Bei kamili, sauti kamili. Nusu bei, nusu sauti. Hata ukienda Mahakama Kuu unashindwa.

— Lakini sijalipa hata nusu! Nimelipa kama robo.

— Basi fundi kakuzidishia. Nyamaza, asije akasikia akadai.

— Achana na huyu na stempu zake, akasema Pailwani. Kiatu hakina kosa. Kosa ni mguu. Wewe unaegemea kushoto, mguu wa pili mwepesi, haukandamizi. Piga chuchumaa ishirini, mguu huo huo, sasa hivi.

— Mjomba, nimevaa suruali ya posa.

— Piga!

Akapiga. Ameshika nguzo ya kibanda, mguu mmoja hewani, anashuka na kupanda, watu wa mtaani wanapita wanamtazama. Alipofika kumi na tatu akahisi paja linawaka moto. Akatembea. Kwarr. Kimya.

— Lete nivae mimi, akasema Pailwani. Kilo mia moja na kumi, litaimba lenyewe.

Mguu wa Pailwani ni mguu wa tembo, na ile mikanda iliyosukwa ikaanza kuvutika mbele ya macho yake.

— Taratibu, mjomba! Kisigino! Usisukume, mjomba, nakuomba, nakupa hata chai ya mwezi!

Pailwani akasimama, akatembea hatua tatu kwa heshima zote. Kimya, kimya, kimya. Akarudi akaketi, akalivua, akamrudishia mwenyewe.

— Basi na mimi mguu wangu mbovu, akasema kwa huzuni.

— Nyie wanaume mnazunguka tu, akasema Akka, akimimina chai duru ya pili. Ni ngozi ya nyati wa kufugwa hiyo. Ya kushoto ni ya nyati wa mbele, yule anayevaa kengele, kazoea kutoa sauti. Ya huku ni ya yule wa mwisho kwenye kundi, mwenye haya. Akiwa hai hakusema, sasa amekufa ndiyo aseme?

— Akka, nyati mwenye haya?

— Wewe umekamua nyati wangapi, muuza stempu?

Wakili akameza hilo pamoja na chai. Lakini akili yake ilikuwa haijatulia, macho yakamng'aa.

— Subirini. Yule aliyeyaagiza ni nani? Hakurudi, sivyo? Basi huyo alikuwa kiziwi wa sikio moja. Sikio la upande huo. Kamwambia fundi, bwana, mimi huku sisikii, ya nini kupoteza mbegu?

— Kiziwi gani! akasema Akka. Huyo alikuwa mume wa mtu. Akitoka asubuhi anakanyaga yote mawili, anajisifu mtaani. Akirudi kachelewa, anaruka kwa hilo bubu mpaka kitandani.

— Ndiyo maana hakurudi kuyachukua! akapayuka Pailwani, anajipiga paja. Mkewe kamkuta uani anaruka!

Benchi zima likaanguka kicheko. Sarjerao naye akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaangalia saa ya fundi pancha ukutani, saa sita na nusu, na kicheko kikamkauka.

— Mnacheka, akasema. Mimi natazamwa saa kumi.

— Atakutazama wewe, hatatazama viatu, akasema Pailwani kwa upole.

— Hapo ndipo mnapokosea! akasema Sarjerao, akisimama. Nimefikiria sana hili, mwezi mzima. Msichana anayetazamwa anafanya nini? Anaingia na sinia ya pohe, kainamisha macho. Kila nyumba ni hivyo hivyo. Sasa akiinamisha macho anaona nini? Uso wangu? Shati langu? Haoni! Anaona chini. Wale wawili walionitangulia walikwenda na mashati ya hariri, wamerudi wamenuna. Mimi nikasema nitaanzia chini. Na kabla hajaingia, yuko jikoni anakaanga kitunguu, anasikia hatua zangu. Sasa atasikia kwarr, kimya, kwarr, kimya. Atafikiri babu yangu ndiye anayekuja kuoa!

Kwa kweli hoja ilikuwa nzito, na Pailwani aliitikia kwa kichwa mara mbili.

— Tutie dengu kwa ndani, akapendekeza.

— Litapasuka.

— Basi nenda na shahidi, akasema Wakili. Mimi nakuja nyuma yako kama mjomba wa upande wa mama. Wewe ukikanyaga kwa hilo bubu, mimi natoa sauti kwa mdomo. Twende tujaribu.

Wakajaribu. Sarjerao mbele, kifua kimetoka; Wakili nyuma yake, kakunja midomo. Kwarr, likasema kubadhi. Kwarr, akasema Wakili. Kwarr. Kwarr. Mpaka kwenye duka la sukari guru na kurudi. Mara ya kwanza Wakili alichelewa. Mara ya pili akawahi. Mara ya tatu wakaenda sawa kabisa, na Sarjerao, Mungu amsamehe, akaanza kuona kwamba linawezekana.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha fundi pancha, kikapu cha mboga miguuni, anasubiri gurudumu la pikipiki yake. Hawakumjua. Alikuwa amewatazama kwa muda mrefu na kikombe chake cha chai hakukinywa hata kidogo.

— Samahani, akasema. Mnatazamana hotelini au nyumbani kwao?

— Nyumbani, dada, akasema Sarjerao, akihema. Sebuleni kwao.

— Basi yeye akiingia na pohe, hayo makubadhi yatakuwa wapi?

Chai ikafurika ikazima moto, na Akka hakuigusa.

Wakili alitazama juu kana kwamba sheria imeandikwa kwenye bati la kibanda. Toka wamezaliwa, hao wote, hawajawahi kuingia sebuleni kwa mtu na viatu. Wameviacha mlangoni harusini, wameviacha msibani, wameviacha mara elfu kumi. Na asubuhi nzima hiyo hakuna aliyekumbuka.

— Nauliza tu, akaendelea yule mwanamke, sasa kidogo kwa haya. Kwa sababu mimi nilipotazamwa niliinamisha macho kweli, kama unavyosema. Uso wa mume wangu nimekuja kuuona baada ya wiki mbili, kwenye picha. Siku ile niliona miguu tu.

— Ilikuwaje? akauliza Sarjerao.

— Misafi. Kucha zimekatwa. Nikasema moyoni, huyu anajitunza.

Wote wanne wakageuka kuitazama miguu ya Sarjerao. Na yeye mwenyewe, polepole, kama mtu anayefungua barua ya benki, akavua makubadhi akatazama. Visigino vimepasuka mipasuko ya kuingia sarafu. Masizi ya kiwandani yamejikalia kwenye nyufa. Kucha ya kidole gumba imejikunja, na Jumapili nne za kutafuta viatu kwa miguu zimemwachia malengelenge mawili, moja limepasuka. Mwezi mzima alikuwa ametazama miguu ya Kolhapur nzima, na hii yake hakuwahi hata kuijulia hali. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Siendi, akasema.

— Utakwenda, akasema Akka. Saa ngapi?

— Saa saba kasorobo, akajibu fundi pancha, ambaye kumbe alikuwa anasikiliza muda wote.

— Lete beseni lako hapa. Yamwage hayo maji ya kutafutia pancha, ulioshe vizuri.

Akainua sufuria kubwa, ile ya maji ya chai ya mchana, akayamimina yote kwenye beseni, mvuke ukampanda usoni. Akatupa humo konzi ya chumvi. Yule mwanamke akatoa ndimu mbili kwenye kikapu chake, akazikamua bila kuambiwa. Wakili alishaondoka mbio kutafuta kikatio cha kucha, na mbio za Wakili hazijaonekana mtaani tangu siku mahakama ilipotangaza stempu mpya.

— Maji ya moto, Akka!

— Weka miguu.

Akaweka. Akapiga yowe, akauma meno, kisha akaanza kucheka, maana Pailwani alikuwa amepiga magoti yake mabovu chini, kaukamata unyayo wake kama anavyomkamata mpinzani, na kwa jiwe la kusugulia alilopewa na fundi pancha akaanza kusugua.

— Mjomba, unanitekenya!

— Tulia! Nimewalaza wanaume huko Sangli na Satara, nitashindwa na kisigino?

Maji yakageuka rangi ya chai. Wakili akarudi na kikatio, jasho linamtoka, akakaa upande wa pili akaanza na kidole kidogo, ulimi nje. Makubadhi yenyewe yalikuwa pembeni juu ya benchi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyeyatazama.

Wakaja vijana watatu kutoka uwanja wa mieleka, wana kiu, wakajipenyeza.

— Akka, chai tatu.

— Imekwisha.

— Saa saba mchana chai imekwisha? Na hayo maji ya moto hapo?

Akka akawatazama, akamtazama Sarjerao anayelia machozi kwa kicheko na maumivu, miguu yake inaanza kuonekana ya mtu.

— Hayo ya posa, akasema. Pailwani, geukia kisigino cha pili.