Kaka Yetu Aliyeziba Mtandao wa Hospitali

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Pakiti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya sita wa mama mshonaji na baba karani wa posta. Alikuwa mkimya tangu utotoni. Mama alizoea kusema, "Huyu hata njaa haitangazi."

Alimaliza sekondari mwaka 1986 na chuo cha ufundi mwaka 1991, fani ya kompyuta, enzi ambazo wanafunzi thelathini waligombea kompyuta nne.

Mwaka 1994 aliajiriwa na hospitali kuu kuandika programu za kupeleka majibu ya maabara wodini. Alitueleza mara nyingi, wengine tukisinzia: programu hukata taarifa vipande vidogo, ndizo pakiti, huzituma kwenye waya, kisha husubiri kuambiwa zimefika. Isipojibiwa, hutuma tena.

Asubuhi ya tarehe 11 Juni 2001, programu yake ilikosa jibu ikatuma tena, na tena, maelfu kwa maelfu, kwa sababu alisahau kuiwekea kikomo. Mtandao ukaziba. Kwa saa tatu wauguzi walipanda na kushuka ngazi na karatasi mkononi, na mama mmoja aliyetoka kujifungua akachelewa kuongezwa damu. Alipona, lakini mkurugenzi alitaka mtu wa kulaumu, akaitwa fundi wa nyaya, binti mwenye miezi mitano kazini. Kaka angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyeielewa programu ile. Aliingia ofisini bila hodi.

"Mwacheni. Nyaya ni nzima. Kosa ni langu."

Alishushwa cheo, na hakupanda tena hadi anastaafu.

Yule binti alimfuata ngazini. "Umechelewa! Nilishashika kalamu nisaini barua ya kuacha kazi."

"Samahani," kaka akamjibu. "Miguu ilikuwa inakataa."

Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 2002, wakajaliwa mabinti wawili.

Tangu siku ile ya Juni hakustarehe. Kila programu aliijaribu mara tatu, alikula amesimama, na likizo zote alizikatisha. Shemeji akimwambia, "Pumzika, baba watoto," alijibu, "Nikimaliza hii." Hiyo haikwisha.

Mwaka 2021 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walikuta moyo umetanuka. Alistaafu mapema, akalazwa mara nne. Mara ya mwisho, shemeji alimuuliza kama anaogopa.

"Hapana. Nimechoka tu, mama watoto."

Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Januari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, shemeji akiwa anamkanda miguu. Aliendelea kuikanda kwa muda mrefu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mama yetu mzazi, ndugu watano na mjukuu mmoja wa miezi saba.

Kaka, kazi imekwisha. Lala salama.