Tyubu ya Devotha

Benchi letu liko pembeni mwa stendi ya Mbinga, mkabala na maduka ambayo kila wiki yanaongeza rafu. Zamani sabuni ilikuwa ya aina moja na tuliipangia foleni. Tangu soko huria liingie ziko za kila rangi, na sisi tumechoka hata kuuliza zinatoka wapi. Ijumaa ile tulikuwa wanne na birika la Isidori muuza kahawa: Kilian tunayemwita Profesa kwa sababu alifika seminari akarudi; Raimundi, yaani Pampu, fundi wa kupulizia dawa mibuni; Elias Redio, ambaye hazimiki; na mimi, ambaye kazi yangu ni kuchoka. Methodi akaja, hakusalimia, akaweka tyubu ya krimu juu ya benchi.

Redio: Nini tena hicho?

Methodi: Anachopaka mke wangu, Devotha, ili awe mweupe. Shingo imevimba, vipele mpaka kifuani, anajikuna hadi anatoka damu. Na tumbo lina miezi sita.

Mimi: Nesi anasemaje?

Methodi: Kliniki ni Jumatatu. Nisomeeni nyie. Ile mimba ya mwaka juzi ilitoka. Ndugu zangu, naogopa.

Profesa akavaa miwani yake yenye mkono mmoja.

Profesa: Neno la kwanza ni aqua. Kilatini hicho. Maji! Maji yana ubaya gani?

Methodi: Na haya mengine ishirini?

Profesa: Hayo ni ya juu. Niliondoka kabla hatujayafikia.

Pampu: Lete hapa. Mimi nashika sumu mwaka wa kumi na tano huu. Sumu ina fuvu la kichwa na mifupa miwili. Hapa kuna fuvu?

Methodi: Kuna mwanamke anacheka.

Pampu: Basi. Hakuna mtu anayecheka kwenye kopo la sumu.

Redio: Wewe mwenyewe unakohoa tangu Krismasi.

Pampu: Hiyo ni baridi ya kule mlimani Mbuji.

Redio: Sikilizeni. Wazungu si wanakunywa kahawa yetu? Wameinywa wee, wakaona wanaanza kuwa weusi. Wakatengeneza dawa ya kuutoa weusi. Imewabakia, ndiyo wanatumwagia huku. Sasa akipaka mtu aliyezaliwa mweusi, inachimba na kuchimba mpaka ifike weusi ulipoishia. Na umeishia wapi? Kwa mtoto tumboni!

Methodi akashika kichwa. Nilitaka kumwambia Redio afunge mdomo, lakini nilichoka kabla sijafungua wangu.

Profesa: Upuuzi. Ni damu yake tu haipatani na marashi. Shemeji yangu wa kijiji cha Ruanda alivimba hivyo hivyo kwa sabuni ya kunukia.

Methodi: Na alijifungua salama?

Profesa: Shemeji yangu ni mwanamume.

Pampu: Mnapoteza muda. Tuipake kwenye jani la mbuni. Likinyauka mpaka Jumatatu, ni sumu. Lisiponyauka, apake.

Tukaanza kubishana jani lipi, bichi au kavu. Isidori akamimina duru ya tatu. Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa kule ziwani, kikapu cha dagaa wa usipa miguuni, anasubiri lori. Hatukuwa tumemwona.

— Shikamoo mama, alisema Methodi, akivuta tyubu ili isimguse.

— Marahaba, mwanangu. Hebu niione.

Akaigeuza. Ilikuwa imekunjwa kutoka chini mpaka shingoni, imekamuliwa yote.

— Hii imekwisha, alisema. Sasa hivi mkeo anapaka nini?

Tulimwangalia Methodi. Methodi aliangalia mikono yake.

— Nilimnunulia mbili, alisema.

— Na ulimwambia aache?

Aliinuka akakimbia na mabuti yake ya shamba, kikombe kikadondoka, na hakuna aliyemtania.

Pampu aliokota tyubu, akamtazama yule mwanamke anayecheka.

— Mke wangu anayo yenye sura hii hii, alisema, akaondoka.

Profesa alivua miwani. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alizimika. Mimi nilimkumbuka binti yangu Glorious, alivyokuwa amesimama mbele ya kioo asubuhi ile akijipaka, na mimi nikipita nyuma yake bila kuuliza. Nikainuka. Nyuma yangu Isidori alikuwa anaita kwamba birika bado limejaa nusu.