Mstari wa Pili kwa Jina la Mzee

Wanakikundi wenzangu, na wazee wetu mliokaa hapo mbele, shikamooni. Nimeombwa nieleze yaliyonipata kwenye viazi vya mbegu.

Mnanijua, mimi ni mke mdogo. Mzee wetu ana wake wawili, na kila mmoja alimgawia shamba lake, kama ilivyo desturi huku kwetu. Msimu ule watu wa mradi walitaka kila shamba litoe mfuko wa viazi vikapimwe ugonjwa wa mnyauko. Kwenye mifuko yetu yote miwili tuliandika jina la mzee, maana mashamba ni ya mzee. Nani angefikiria vingine?

Tulitoka nyumbani pamoja. Lakini bi mkubwa ni mtu mzima, kila kona anapewa shikamoo, na lazima asimame aulize habari za watoto. Mimi nisiyeamkiwa na mtu nikafika mapema, nikakabidhi mfuko wangu. Mfuko wa bi mkubwa ukafuata.

Majibu yakaja: shamba la mke mdogo lina mnyauko, ang'oe yote, mbegu asimpe mtu. Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye matuta. Viazi vilikuwa vimestawi, majani mabichi kabisa. Nikang'oa huku nalia. Na nyie, nawaambia bila kinyongo, mliacha kupita kwangu. Mlizunguka kule juu kwenye migomba ili msikanyage udongo wangu. Msaragambo wa kulima pamoja ulipoitishwa, sikuambiwa.

Aliyekuja ni bi mkubwa peke yake, na jembe lake. Nikamwambia, "Dada, usiingie, utabeba ugonjwa." Akasema, "Nitanawa miguu," akaingia.

Kisha siku moja akaja yule binti wa takwimu wa mradi, na kompyuta yake. Alikuwa anapitia upya kazi yake, kuna kitu hakimkai sawa. Akanifungulia jedwali, kila shamba na mstari wake.

"Mama, mbona mzee ana mistari miwili?"

"Si ana wake wawili."

Akauliza nani alitangulia kukabidhi mfuko. Nikamwambia ni mimi. Binti wa watu akaweka mkono mdomoni.

Alinieleza polepole. Programu yake ilikusanya mistari kwa jina la mwenye shamba, kisha ndani ya kila kundi ikaipa namba upya, wa kwanza, wa pili. Kwenye orodha ya kikundi chetu, chini ya jina la mzee, wa kwanza ni bi mkubwa, kama heshima inavyotaka. Kwenye majibu ya maabara wa kwanza ni mimi niliyewahi. Kompyuta ikaunganisha wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili. Majibu yangu yakaenda kwake, ya kwake yakaja kwangu.

Sikuamini. Tukaenda wote watatu, mimi, binti na bi mkubwa, kukata mashina, moja la kiazi kilichochipua tena kwangu, moja la kwake, tukayatumbukiza kwenye glasi za maji. Maji yangu yakabaki safi. Kwenye glasi ya bi mkubwa ukashuka uzi mweupe kama maziwa, dalili yenyewe ya mnyauko. Nilipaswa kufurahi, nimesafishwa jina, lakini macho yangu yalibaki kwenye glasi ya bi mkubwa.

Mlinirudisha kikundini, nashukuru. Namshukuru na yule binti, aliyesimama mbele yenu akasema kosa ni la programu yake. Sasa kila shamba lina namba yake lenyewe, haijali jina la mzee wala nani kafika mapema. Nawaomba kitu kimoja tu: kabla hamjamkwepa mtu, ulizeni kawekwa kwenye kundi gani, na kwa kigezo gani.

Maana wiki ile ile mlianza kulizunguka shamba la bi mkubwa. Nilimkuta anang'oa peke yake. Akaniambia nisiingie. Nikamwambia nitanawa miguu.