Mwalimu Linganisha Analipeleka Shairi la Pili Nyumbani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mwalimu wetu wa Fasihi ya Kiingereza anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu shuleni hapa. Watoto walimbatiza Mwalimu Linganisha na jina likamganda, kwa sababu hata ukimpa vikombe viwili vya chai atakuuliza kipi kimetengenezwa kwa moyo.

Alianzia darasa lenye dirisha lisilofunga, akapanda hadi kuwa mkuu wa idara, lakini somo alilolipenda halikuhama: mashairi mawili ya zamani ya Kiingereza kuhusu mapenzi. Katika la kwanza, kijana anamsifu mpenziwe utosini hadi unyayoni na kumwapia kwamba hata kaburi halitawatenganisha. La pili halina kiapo. Lina mtu aliyezeeka na mwenzake. Uzuri umeshakwenda zake, naye bado yupo.

Kazi ya nyumbani ilikuwa moja: msomee na umfafanulie mashairi yote mawili mtu mwenye shughuli mkononi, uone lipi litamsimamisha. Watoto walirudi na vituko. Mama mmoja alilisikiliza la kwanza huku akisugua sufuria, akasema huyo kijana mwenye maneno angeshika hata kitambaa akakausha vyombo. Mimi karani, ninayechapa mitihani, Mwalimu mwenyewe alinijaribu nikiwa na mwanangu mchanga mapajani na usingizi tele machoni. Kwa la pili vidole viligoma kuchapa.

Lakini ole wako ulicheke la kwanza! Alama alikata. La kwanza ni posa, alikuwa akisema, la pili ni ndoa. Nani ameoa bila kuposa?

Mkewe, muuguzi mstaafu ambaye sote tunamwita Mama, alimtania kwenye kila sherehe yetu: yeye kaposwa kwa shairi la kwanza, la pili analisikia kwa wanafunzi tu. Tulicheka. Mwaka jana macho ya Mama yakaanza kufifia, na sasa anapapasa kuta za nyumba aliyoipangilia mwenyewe.

Shule ilimwomba Mwalimu aongeze miaka miwili. Mkuu wa shule alimbembeleza, wazazi wakamfuata hadi getini. Tulijua anavyolipenda darasa, hatukujua atajibu nini. Alituambia tulinganishe wenyewe: darasa litapata mwalimu mwingine, lakini mkewe hana macho mengine ya kuazima ila haya ya mumewe.

Basi wenzangu, nasema kwa upendo, ila nasema: msimpigie simu mchana kuulizia mitihani. Ana kazi.

Mwalimu, asante kwa watoto wetu uliowafundisha kupima maneno kwa matendo. Tunakuombea siku nyepesi na afya njema.

Na wewe Mama, kaa mkao wa kusikiliza. Lile la pili linakuja nyumbani Ijumaa, na Jumatatu halirudi shuleni.